Safari Ndefu ya Miji ya Kale: Tenga Hela ya Kurudi Kabla ya Hela ya Kwenda

Leo tuongee safari. Si ile ya kukimbia Kitale kununua bidhaa za duka na kurudi usiku. Tunaongea ile safari ya maisha: wiki tatu hivi, bila haraka, unatembea mji baada ya mji, unakaa, unakula, unasikiliza hadithi za watu, halafu unarudi nyumbani na picha za kuonyesha wajukuu.

Wengi wakisikia safari ya namna hiyo wanafikiria Italia: Roma, Florence, Venice, miji ya mawe yenye mitaa myembamba. Sawa, ndoto haina ushuru. Lakini miji ya mawe yenye mitaa myembamba tunayo hapa Kenya, na unaifikia kwa basi na treni, unalipa kwa simu, unaongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ni Mombasa, Malindi pamoja na magofu ya Gede, halafu Lamu.

Kutoka Lodwar au Kakuma, hiyo ni safari ya kuvuka nchi nzima. Ukikwama Lamu, hakuna jirani wa kukimbilia. Ndiyo maana makala hii haitakufundisha tu mahali pa kwenda. Itakufundisha jinsi ya kugawa hela iliyo kwenye simu yako ili ikufikishe, ikutunze, na ikurudishe.

Jambo moja tunataka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote: watu wengi hawakwami safarini kwa sababu hela ilikuwa kidogo. Wanakwama kwa sababu hela yote ilikuwa fungu moja, mahali pamoja.

Kwanza, kwa nini polepole ni nafuu

Watu hudhani kukaa sana ndiko kunakomaliza hela. Tupige hesabu.

Tuseme ni nyinyi wawili, mume na mke, mnatoka Lodwar. Nauli za kwenda, za kurudi na za kati ya mji na mji, pamoja na chakula na malazi ya njiani, zinafika shilingi 42,000. Hizo utalipa tu, ukae siku chache au nyingi. Ukilala pwani usiku 6 pekee, kila usiku umebeba mzigo wa shilingi 7,000 za njia, hata kabla hujanunua chai. Ukilala usiku 18, mzigo huo unashuka hadi kama shilingi 2,300 kwa usiku.

Halafu kuna bei ya chumba. Mwenye nyumba anayekupangisha usiku mmoja ana kazi ya kufua shuka na kutafuta mgeni mwingine kesho. Ukimwambia, "Mama, tukikaa wiki nzima utatupunguzia ngapi?" mara nyingi mtaelewana. Na ukipata chumba chenye jiko, unaenda sokoni asubuhi kama mwenyeji, unanunua samaki na nazi, unapika mwenyewe.

Hata huko Venice wamegundua tofauti ya mgeni wa haraka na mgeni wa kukaa. Kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, mji huo ulianza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku za msongamano. Anayelala mjini humo hatozwi ada hiyo, kwa kuwa yeye hulipa kodi ya malazi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: miji michache, siku nyingi. Mitatu inatosha.

Gawa hela mafungu matano kabla ya kupanda gari

Turudi kwa wale wawili wetu wa Lodwar. Tuseme wameweka akiba ya shilingi 6,000 kila mwezi kwa miezi 24. Wana shilingi 144,000. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Wewe uliza bei za wakati wako uweke zako. Muhimu ni mpangilio.

Fungu la kwanza: kurudi. Shilingi 18,000. Hizi ni nauli za watu wawili kutoka Lamu hadi Lodwar, malazi ya usiku mbili njiani, na chakula. Zinatengwa KWANZA, kabla ya kitu kingine chochote. Hizi si zako. Ni za yule wewe aliyechoka, wa siku ya mwisho, ambaye hana wa kumkopa.

Fungu la pili: nyumbani. Shilingi 15,000. Nani atanunua maji? Nani atalipa karo iliyobaki? Mzee akiugua? Hela hii itume kabla ya kuondoka kwa yule anayebaki na boma, au lipa dukani mapema. Usipofanya hivyo, simu itaanza kulia siku ya tatu: "Tutumie tu kitu kidogo." Na wewe utatuma, kutoka fungu la Malindi. Hapo sasa safari imeanza kuvuja.

Fungu la tatu: dharura. Shilingi 15,000. Ugonjwa, barabara kufungwa, simu kupotea. Haiguswi kwa leso nzuri uliyoiona Mji wa Kale.

Fungu la nne: njia. Shilingi 16,000 za kutoka Lodwar hadi Mombasa, na shilingi 8,000 za kutoka Mombasa hadi Malindi na Malindi hadi Lamu. Jumla 24,000.

Fungu la tano: miji. Sasa zimebaki shilingi 72,000. Kwa usiku 18, ni shilingi 4,000 kwa siku: kulala, kula, kiingilio, na kutembea, kwa watu wawili. Mombasa usiku 6, shilingi 24,000. Malindi usiku 5, shilingi 20,000. Lamu usiku 7, shilingi 28,000.

Umeona tulivyofanya? Hatukuanza na swali la "Tutafurahia nini?" Tulianza na "Tutarudi vipi?" Kilichobaki ndicho cha kufurahia, na sasa unaweza kukifurahia bila roho kudunda.

Kila fungu likae wapi?

Kuyagawa kwenye karatasi haitoshi. Hela ikiwa yote kwenye salio moja, macho yataiona yote, na mkono utaifuata.

Fungu la kurudi liweke kwenye akiba ya simu iliyofungwa hadi tarehe fulani, au kwenye akaunti ya benki au sako. Ukichagua akiba ya kufunga, hakikisha inafunguka siku mbili tatu kabla ya kurudi, si wiki moja baadaye.

Fungu la dharura likae kwenye laini ya mwenzako. Mkiwa wawili, kila mmoja abebe hela kwenye laini yake na simu yake. Moja ikipotea, ya pili inawalisha. Kama unasafiri peke yako, mwachie hela hiyo mtu wa nyumbani unayemwamini kabisa, akutumie ukimpigia. Mkubaliane neno la siri ambalo utalitaja, ndiyo asije akatapeliwa na mtu anayejifanya wewe.

Hela ya miji usiitembeze yote. Ukifika Mombasa, hamishia kwenye salio lako shilingi 24,000 za Mombasa tu. Ukifika Malindi, za Malindi. Ukiona siku ya nne zimebaki kidogo, hukopi kwa Lamu. Unatangaza siku ya bure: ufuo haulipiwi, na mitaa ya kale haina lango.

Na tafadhali, mkopo wa simu usiuhesabu kama fungu la sita. Ule mkopo unaojazia salio likipungua unaongezeka gharama kila siku unapokaa nao. Umewekwa kwa dharura ya leo utakayolipa kesho. Kuutumia kwa likizo ni kujinunulia deni la kukusubiri Lodwar.

Laini yako imesajiliwa kwa jina la nani?

Hili ni swali dogo lenye uzito mkubwa, hasa huku kwetu. Wengi wetu tunatumia laini iliyosajiliwa na shemeji, na rafiki, au na mwajiri wa zamani. Ukiwa Lodwar au Kakuma, shida huioni. Laini ikipotea, unamfuata shemeji mnaenda naye dukani.

Lakini fikiria simu imeanguka baharini Lamu. Kurudishiwa laini kunahitaji mwenye laini na kitambulisho chake. Shemeji yuko Lokichoggio. Hela ipo, ni yako, unaiona kabisa akilini, lakini huwezi kuishika.

Kwa hiyo, mwezi mmoja kabla ya safari, thibitisha kwamba laini ya hela ni ya jina lako, na jina hilo linafanana na lililo kwenye kitambulisho chako. Kama si yako, sajili laini yako mwenyewe na uhamishe akiba mapema. Usingoje siku ya kusafiri.

Kwa ndugu zetu wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei, kuna hatua ya ziada. Kutoka kambini unahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi. Omba mapema, na usilipe nauli wala chumba kabla hujakishika mkononi. Kisha hesabu siku zilizoandikwa. Kibali ndicho kinachoamua urefu wa safari yako, si pochi. Kama siku hazitoshi miji mitatu, chagua mmoja na uutembee vizuri. Beba kibali na kitambulisho chako cha asili, si picha kwenye simu pekee, na sajili laini kwa kitambulisho hicho hicho.

Njia: kutoka Turkana hadi bahari

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, kwa probox au basi. Kutoka Lodwar hadi Kitale ni kama kilomita 300, unapita Lokichar, Kainuk na bonde la Marich kabla ya kupanda Kapenguria. Ulizia hali ya usalama siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka, na kama unaweza, safiri mchana. Kuna vipande vya njia hii ambavyo mtandao hupotea kabisa. Kwa hiyo lipa nauli kabla ya kuondoka steji, na uwe na taslimu ndogo ndogo za chai na maji. Noti ya 1,000 njiani ni tatizo, si hela. Beba za 50, 100 na 200.

Lala Kitale. Usijikaze kwenda moja kwa moja; hii ni safari ya polepole. Kuna makumbusho pale, na hewa ya baridi utaisikia hadi mifupani.

Nairobi, kaa usiku mbili na uende Makumbusho ya Taifa. Huko utakutana na mtu wa nyumbani. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya kijana wa kale Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Wataalamu wanamwita Kijana wa Turkana, na umri wa mifupa yake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Kabla ya kwenda kustaajabia kuta za miaka mia nne, ni vizuri kumsalimu huyo wa kwetu kwanza.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa kuna mabasi, na kuna treni ya Madaraka Express iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Tiketi unakata mapema na kulipa kwa simu. Siku za likizo za shule na Desemba hujaa haraka. Ukishalipa, soma ujumbe wa kuthibitisha: tarehe, saa, majina. Siku ya safari beba kitambulisho kile kile ulichokatia tiketi. Na kumbuka stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini. Zote ziko mbali na katikati ya mji, kwa hiyo tia nauli ya matatu kwenye hesabu yako.

Mombasa, usiku 6

Anza na Ngome ya Yesu, Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milan. Kwa hiyo ile Italia ya ndotoni, kipande chake kimekaa Mombasa zaidi ya miaka 400. Waomani waliizingira kuanzia mwaka 1696 na kuiteka mwaka 1698. Waingereza nao wakaigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Msomaji wa Lodwar hapo atakumbuka kitu. Mji wetu nao una historia ya kufungwa: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung na baadaye akawekwa kizuizini Lodwar, kabla ya uhuru. Ukuta wa Mombasa na vumbi la Lodwar vinasimulia serikali moja.

Kiingilio cha makumbusho kina bei tofauti kwa raia, kwa wakazi wa Afrika Mashariki na kwa wageni wa nje, kwa hiyo onyesha kitambulisho chako. Uwe tayari kulipa kwa simu, na kabla ya kubonyeza kukubali, soma jina la taasisi linalojitokeza.

Baada ya ngome, ingia Mji wa Kale. Milango ya kuchonga, vibaraza, harufu ya kahawa na udi. Usimalize siku moja. Asubuhi tembea upande mmoja, mchana upumzike kwa sababu joto si la mchezo (ingawa wewe wa Lodwar litakushangaza kwa unyevu tu), jioni utoke tena. Siku ya bure ikihitajika, kivuko cha Likoni hakimtozi anayetembea kwa miguu.

Malindi na Gede, usiku 5

Malindi ni kama kilomita 120 kaskazini. Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1498, na nguzo ya Wareno bado imesimama ufuoni. Huu pia ni mji ambao Waitaliano wamekaa miaka mingi. Utakuta mikahawa ya piza, na vijana wa ufuoni wanaokisema Kiitaliano kama maji. Kaskazini mwa mji, kule Ngomeni, Waitaliano walijenga kituo cha San Marco, ambako setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Tenga siku nzima kwa Gede, kama kilomita 15 kusini mwa Malindi. Ni mji mzima wa Waswahili ulioachwa msituni: msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, nyumba. Watu waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vyombo vya China na shanga za kioo za Venice. Maana yake, kabla ya wewe kuota kwenda Venice, Venice ilishakuja Gede. Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huo kwenye Urithi wa Dunia.

Matatu za Malindi–Gede mara nyingi ni taslimu au kutuma kwa namba ya kondakta. Ukituma, mwonyeshe ujumbe palepale, kabla hujashuka.

Lamu, usiku 7

Hapa ndipo polepole inapata maana. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001. Mitaa ni myembamba, punda ndio magari. Ngome ya Lamu ilimalizwa mwaka 1821. Tembea hadi Shela kwa miguu, vuka kwa mashua hadi kisiwa cha Manda uone magofu ya Takwa.

Barabara ya kutoka Garsen hadi Mokowe imewahi kuwa na changamoto za usalama, kwa hiyo sikiliza taarifa na ufuate maelekezo ya polisi na ya kampuni ya basi. Mokowe unapanda boti kuingia kisiwani. Hapo taslimu ndogo inahitajika.

Angalia kalenda pia. Wakati wa Maulidi, Lamu hujaa wageni na vyumba hupanda bei. Kama unataka kushuhudia, weka chumba mapema. Ramadhani migahawa mingi ya miji ya kale hufungwa mchana. Miezi ya Aprili na Mei kuna mvua ndefu na upepo wa kusi, na bahari huchafuka.

Ada: kutoa mara nyingi kunakula mara nyingi

Ada za kutoa hela kwa ajenti hupangwa kwa ngazi. Kutoa shilingi 300 na kutoa shilingi 2,400 mara nyingi huwa kwenye ada moja. Anayetoa 300 kila asubuhi kwa siku nane amelipa ada mara nane; aliyetoa 2,400 mara moja amelipa mara moja. Soma jedwali la ada la huduma unayotumia, kisha toa taslimu za siku tatu nne kwa pamoja.

Lakini usitoe za wiki mbili. Taslimu ikipotea imepotea. Hela ya simu ina nambari ya siri. Pale duka lina till, lipa kwa till. Kwa kawaida mnunuzi hatozwi ada, na unabaki na kumbukumbu ya ulichotumia.

Matapeli wanajua wewe ni mgeni

Mambo manne tu.

Moja: nyumba nzuri mtandaoni kwa bei ya kutupa, mwenyewe anataka amana leo "kwa sababu kuna mwingine anaitaka". Usitume. Weka usiku wa kwanza tu kwenye gesti inayojulikana, fika, tazama chumba kwa macho, kisha lipa wiki.

Mbili: ujumbe wa "nimekutumia hela kimakosa, nirudishie". Angalia salio lako kwanza, si ujumbe. Kama kweli imeingia, mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja.

Tatu: anayepiga akidai ni wa kampuni na kukuuliza nambari ya siri. Sisi hatukuulizi. Hakuna mfanyakazi anayehitaji PIN yako, hata mara moja.

Nne: umekosea namba mwenyewe. Usingoje jioni. Omba muamala urudishwe dakika ile ile, kabla hela haijatolewa upande wa pili.

Simu ikipotea, fanya hivi kwa mpangilio

Tumia simu ya mwenzako au ya mwenyeji kupiga huduma kwa wateja na kufunga laini na akaunti. Kisha ripoti polisi upate hati ya kupotelewa, hasa kama kitambulisho nacho kimeenda. Kisha nenda duka la huduma na kitambulisho chako urudishiwe laini. Wakati huo wote mnakula kutoka laini ya pili. Ndiyo maana ulizigawa.

Beba pia kabambe moja ya vitufe. Chaji yake inakaa siku nyingi, na huduma za hela zinafanya kazi bila intaneti. Andika kwenye karatasi namba tatu muhimu: mwenzako, mtu wa nyumbani, huduma kwa wateja. Nambari ya siri usiiandike popote.

Orodha ya wiki ya mwisho

Laini ni ya jina langu? Fungu la kurudi limefungwa, na linafunguka lini? Nyumbani wameshapata hela yao? Mwenzangu ana dharura kwenye laini yake? Noti ndogo zipo? Kitambulisho, na kibali kwa anayehitaji, viko mfukoni na si kwenye begi la juu ya gari?

Kama majibu ni ndiyo, panda gari. Utakaa kibarazani Lamu usiku wa saba, upepo wa bahari unavuma, hela ya Lamu imebaki kidogo tu, na hutakuwa na wasiwasi wowote. Nauli ya Lodwar ilishatengwa siku nyingi kabla hujaiona bahari.

Safari njema, na turudi salama.